Kilo Mbili za Shuka

Siku hiyo foleni ya pamba ilianzia kwenye mzani, ikapinda mara mbili ndani ya uwanja, ikatoka nje ya geti na kuishia mbele ya duka la cherehani la Mzee Mtoro. Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ya msimu wa pamba mjini Bariadi watu hawasikilizani. Mikokoteni ya ng'ombe imeziba njia, redio kaseti mbili zinashindana, wauza mitumba wanamwaga nguo juu ya maturubai, na nyuzi za pamba zinaelea mpaka kila kichwa kina mvi. Ulikuwa mwaka ule ambao wanunuzi binafsi walishaachiwa huru, vyama vinajiandaa na uchaguzi, na kila mwenye lori na mzani alijiita kampuni.

Elina alikuwa karani wa mzani katika uwanja wa Bwana Novatus, wakala kutoka Mwanza. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na minne ya mwisho alikuwa ameikalia nyumbani na cheti chake cha kidato cha nne, akimsaidia mama yake kupepeta mchele na kusikia majirani wakiulizana kama huyu naye alisoma kweli. Kwa hiyo kazi ile aliishika kwa mikono miwili. Alijifunga kitambaa cha manjano kichwani kuzuia pamba, akavaa blauzi ya mtumba yenye vifungo vya rangi ya dhahabu, na kalamu aliichomeka sikioni hata wakati ambao haihitaji, kwa sababu alipenda ionekane.

"Anayefuata," akasema bila kuinua macho.

Hakuna furushi lililotundikwa. Alipotazama, alimwona kijana mrefu, suruali ya mazoezi imepauka magotini, mikono mitupu. Kijana alivua raba zake, akawaomba radhi wazee waliokuwa nyuma yake, akaidaka ndoano ya mzani kwa mikono miwili, akakunja magoti na kuning'inia. Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Wewe ni pamba safi au pamba fifi?" Elina akamuuliza, kama alivyomuuliza kila mkulima daraja la pamba yake.

"Safi kabisa, haijaguswa na mvua. Soma upesi dada, mikono inang'oka."

"Sitini na tatu."

Kijana akajiachia chini, na uso wake ukashuka pamoja naye. Alivaa raba polepole, akauliza kama anaweza kurudi Jumamosi nyingine. Elina alimjibu kwamba uwanja unanunua pamba, haununui watu. Kijana alipoondoka, Elina alijikuta akimsindikiza kwa macho hadi getini, na mzee aliyekuwa anangoja na furushi lake akakohoa ili kumkumbusha kazi.

Kabla jua halijazama alishajua habari zake zote, maana Bariadi haikuwa na siri kubwa. Aliitwa Nyanda, mtoto wa Mzee Mboje wa Nkololo, mkulima wa pamba. Ngumi alijifunza jeshini, JKT, na aliporudi alimkuta Mzee Mtoro, fundi cherehani aliyewahi kupigana Tanga enzi za ujana wake, ambaye meno yake mawili ya mbele yalibaki hukohuko Tanga. Mwezi wa tatu Nyanda alikuwa amechaguliwa Mwanza kuiwakilisha kanda kwenye mashindano ya kimataifa ya mwaliko huko Kisumu, mwezi wa saba, uzito wa kilo sitini. Akishinda Kisumu ataitwa timu ya taifa itakayokwenda Harare kwenye michezo ya Afrika. Chama cha ngumi hakikuwa na uwezo wa kuweka kambi, hivyo kila bondia aliambiwa ajifue kwao na aulinde uzito wake, basi litawakusanya njiani. Nyanda alirudi kulima, akala ugali wa mama yake, na zile sitini zikapanda. Mzani alioutaka Mtoro ni ule wa pamba, kwa sababu ulikuwa na muhuri wa serikali.

Sasa hapa lazima niseme jambo ambalo Elina mwenyewe asingependa lisemwe mapema. Mzani ule ulikuwa na skrubu ndogo kwa juu. Kila asubuhi, kabla geti halijafunguliwa, Bwana Novatus aliizungusha mpaka mshale ukarudi nyuma ya sifuri kwa kilo mbili. Maelezo yake yalikuwa mepesi: mkulima huleta pamba imefungwa kwenye shuka, na shuka si pamba, badala ya kupima kila shuka tupu na kuchelewesha watu, tunaziondoa kilo mbili za shuka mapema, yaishe. Shuka la mtu halifiki hata nusu kilo. Elina alilijua hilo kwa kuwa alikuwa anafua mashuka tangu akiwa na miaka saba. Wiki ya kwanza lilimkera, ya pili akalizoea, ya tatu hakuliona tena. Uso wa mzani ulimtazama karani, wala haukuwatazama wakulima, na Novatus alikuwa amemwambia mapema kwamba maneno ya mzani yakitoka nje ya geti, na yeye atatoka nayo.

Jumamosi iliyofuata Nyanda alirudi. Sitini na mbili na nusu. Iliyofuata tena, sitini na mbili. Wakulima wakaanza kumzoea, wakampisha mbele ya foleni, na vikongwe wakamtania karani kwamba hili furushi analisoma polepole kuliko mengine. Ilikuwa kweli. Alipokuwa ananing'inia, jasho likimtiririka shingoni na mishipa ya mikono imemtoka, Elina alihesabu mpaka tatu moyoni ndipo akasoma.

Katikati ya wiki simu ya ofisini ililia, na Novatus akaipokea kwa sauti yake ya kikampuni. Akamkabidhi Elina mkonga, akisema ni mteja wa pamba.

"Naulizia bei ya pamba safi," sauti ikasema.

Elina akageukia ukutani ili bosi wake asimwone anavyotabasamu. "Unapigia wapi?"

"Posta."

"Posta si hapo tu? Ungetembea dakika tano ungenikuta."

"Nikija kwa miguu nitakuona kidogo tu, kisha utasema anayefuata. Kwenye simu hakuna anayefuata."

Alimwambia ana wazimu. Nyanda akamwambia apunguze sauti, wateja wa pamba hawaambiwi hivyo. Basi ikawa ndiyo desturi yao: kila Jumatano anaulizia bei ya pamba, na kila Jumapili baada ya ibada wanatembea mpaka mto Simiyu, Elina amevaa gauni la maua la kitambaa laini, Nyanda akirusha ngumi hewani kila baada ya hatua kumi kwa sababu miguu yake haikujua kutulia. Kutwa alikuwa anakimbia, anaruka kamba, anakula vipande viwili vya michembe, viazi vikavu, na maji ya ndimu, anazungumzia Kisumu kana kwamba ni mlango na yeye tayari ameshika komeo lake. Elina alimpenda na hakujizungusha katika hilo. Alijiambia waziwazi, wakati anaosha miguu kisimani, kwamba huyu ndiye.

Na ni pale kisimani, Jumapili mchana, alipokuwa anakamua shuka la mama yake, jambo lile lilipomjia. Kilo mbili zile ni za shuka. Nyanda haji na shuka.

Aliketi juu ya ndoo. Alijaribu kuhesabu upya, ikatoka hivyo hivyo: mzani ukisema sitini, Nyanda ni sitini na mbili. Akanyanyuka akaondoka na ndoo bila shuka, akarudi kulichukua. Njia nzima alijipangia maneno ya kumwambia, na kila alipoyafikisha mwisho yaliishia mahali pamoja. Akimwambia Nyanda kwamba mzani unadanganya, swali litakalofuata ni la baba yake, Mzee Mboje, ambaye Elina alikuwa ameshampima mara tatu na kumtajia kilo zake kwa sauti kubwa na ya adabu. Kisha kazi itaota mbawa. Akaona bora atafute njia ya kumwambia bila kumwambia.

Jumamosi ya mwisho kabla ya safari, mshale ulisimama kwenye sitini barabara. Mtoro alitupa kofia yake juu, foleni ikapiga makofi, na mwanamke mmoja kutoka Nkololo akapiga kigelegele. Nyanda alivaa raba akiwa anacheka peke yake. Elina akamvuta pembeni, nyuma ya marobota.

"Punguza kidogo tena," akamwambia. "Kilo mbili tu."

"Za nini? Si umesoma sitini mwenyewe?"

"Safari ni ndefu. Mtu huongezeka njiani."

Nyanda akamtazama, halafu akacheka na kumgusa kidevu. "Nimekushtukia. Unataka nikonde ili wasichana wa Kisumu wasinione."

Ilikuwa nafasi ya Elina kusema. Midomo aliifungua. Novatus akaita kutoka kibarazani kwamba watu wanangoja, naye akaifunga, akatengeneza kitambaa chake kichwani na kurudi kwenye mzani. Nyanda aliondoka Jumatatu kwa gari la mizigo hadi Lamadi, kulisubiri basi la timu kutoka Mwanza. Pale stendi, kwa kuwa alikuwa sitini na roho yake imetulia kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano, aliagiza ugali na sangara, akala akamaliza, akaagiza tena.

Simu ilikuja Jumatano saa nne asubuhi, siku ile ile ya bei ya pamba. Novatus alikuwa mezani anakunywa chai. Elina aliposikia mlio wa mbali wa simu ya nje ya nchi, akaubana mkonga sikioni.

"Wamenitoa," Nyanda akasema. Hakukuwa na utani. "Sitini na mbili na robo tatu. Wamenipa saa moja nikimbie. Nimekimbia na makoti mawili juani, nimetema mate mpaka yamekauka, nimebaki na sitini na mbili. Mganda niliyepangiwa amepewa ushindi akiwa amekaa kwenye kiti. Sijarusha hata ngumi moja, Elina."

"Pole," akasema. "Pole sana."

"Kocha anasema sina nidhamu. Nataka kukuuliza. Ule mzani wa kwenu una nini?"

Novatus alikuwa ameacha kunywa chai. Kikombe kilibaki hewani na macho yake yakawa juu ya Elina, matulivu kabisa, kama mtu anayesubiri mshale utulie.

"Hauna kitu," Elina akasema. "Labda ni chakula cha njiani."

Nyanda akajibu kwamba labda, maana kweli alikula Lamadi, na laini ikakatika. Novatus alimalizia chai yake, akasema karani mzuri ni yule anayejua kusoma mambo. Elina alikwenda chooni, akafungulia bomba na kulia huku maji yakitiririka. Alijichukia waziwazi, kwa jina lake.

Siku tano Nyanda alikaa Kisumu na timu akiwatazama wenzake wanapigana. Siku tano hizo aliamini kwamba alijiharibia mwenyewe kwa sahani mbili za samaki. Alipofika Bariadi hakwenda kwa Elina. Alikwenda kwa Mtoro, akaweka mezani kikaratasi cha uzito cha Kisumu, na mzee akakisoma mara mbili kwa miwani yake ya kushonea. Samaki, Mtoro akasema, anaweza kumpa mtu robo tatu. Hawezi kumpa kilo mbili zinazokataa kutoka hata kwa kukimbia. Akatazama kule nje, kwenye chumba cha pili cha duka alichokuwa anakijenga, na mifuko ya saruji iliyopangwa ukutani.

Jumamosi uwanja ulijaa kama kawaida. Elina alimwona tangu getini. Alikuwa amebeba mfuko wa saruji begani, vumbi la kijivu limemshuka shingoni mpaka kwenye shati, na watu walikuwa wanampisha wakicheka, wakidhani ni mzaha mpya wa yule bondia wao. Nyuma ya mikokoteni alisimama Mzee Mboje na mafurushi yake manne. Nyanda aliutua mfuko chini ya mzani, akasogea karibu na Elina, akaongea kwa sauti ndogo ambayo hata Novatus, aliyekuwa ameshanyanyuka kibarazani, asingeweza kuisikia vizuri.

"Huu umefungwa kiwandani. Hamsini. Nikiutundika tutajua. Lakini baba yangu yuko pale, na sitaki kukuaibisha mbele yake. Sema hukujua, Elina. Sema tu hukujua, mimi nitaamini."

Alikuwa anamwomba. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na Elina aliona kabisa kwamba neno moja tu lingemrudishia kila kitu: mkono kidevuni, Jumapili za mtoni, simu za Jumatano. Na Novatus naye, kutoka kibarazani, alikuwa anataka neno hilo hilo. Hilo ndilo lililomshtua. Mtu anayempenda na mtu anayemwogopa walikuwa wanamwomba uongo mmoja.

Akaichomoa kalamu sikioni na kuiweka chini. Kisha akapaza ile sauti yake ya kusomea kilo.

"Mfuko wa saruji, kilo hamsini. Mzani huu utasoma arobaini na nane."

Vichwa vikageuka kwa zamu, mbele kwanza, halafu nyuma. Elina akaushika mzani kwa mikono yake, akaugeuza uso wake uwatazame watu, na Nyanda akautundika mfuko. Mshale ulicheza, ukarudi, ukasimama. Arobaini na nane.

"Nilikuwa najua," Elina akasema, sasa akimtazama Nyanda peke yake. "Tangu siku ya kwanza."

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka na hayakuwa mazuri. Novatus alieleza habari za shuka, na mama mmoja akalivua shuka lake mgongoni, akalitundika kwenye ndoano na kuuliza mbona mshale haufiki hata kwenye sifuri. Wengine walidai mzani uvunjwe, wengine wakasema ukivunjwa ushahidi umekwenda, mpaka ofisa wa vipimo alipoletwa na kuufunga kwa gunia. Kufikia alasiri lori la Novatus lilikuwa limeshaelekea Mwanza. Elina hakungoja kufukuzwa. Alikuwa anakusanya kitambaa na kalamu yake aliposikia hatua, akageuka kwa pupa, akamkuta si Nyanda bali baba yake.

"Mwadila, baba," akamsalimu akipiga goti.

"Mwadila, mayu," Mzee Mboje akaitikia, akimwita mama kwa Kisukuma, amejiegemeza kwenye fimbo yake ya kuchungia. "Mara tatu ulinipima wewe."

"Ndiyo, baba."

"Nilimwambia mke wangu, karani yule ana sauti nzuri. Ukimsikia unaridhika na kilo zako."

Kisha akaenda kuwafunga ng'ombe wake, na Elina aliona afadhali angemtukana. Nyanda alikuwa ameshaondoka. Mfuko wa saruji tu ndio uliobaki chini ya mzani, umepasuka pembe moja.

Mwezi ule ule Elina alihamia Lamadi kwa shangazi yake Nyanjige, mnunuzi wa sangara, mwanamke mnene mwenye viatu vya mpira na matusi ya kutosha kwa mwalo mzima wa wavuvi. Viwanda vya minofu vya Mwanza vilikuwa vinameza samaki kuliko ziwa lilivyoweza kutoa, magari ya barafu yalishinda barabarani, na Nyanjige alikuwa na mzani, simu na hasira. Elina aliukubali mzani kwa sharti moja. Kila asubuhi, kabla samaki wa kwanza hajatundikwa, aliweka jiwe la chuma la kilo tano mbele ya wavuvi wote, na uso wa mzani ukawaelekea wao. Wavuvi walimcheka wiki mbili. Wiki ya tatu wakaanza kuwaacha wanunuzi wengine na kuja kwake, na Nyanjige akaacha kunung'unika kuhusu jiwe.

Hakuwa na raha lakini. Basi lolote likipiga honi barabarani, aliinua shingo kutazama. Harare ilikuja ikapita redioni, majina yakasomwa na la Nyanda halikuwemo, naye akaizima redio na kutoka nje. Habari alizipata kwa Mtoro, ambaye kila Ijumaa alipiga simu akijifanya anaulizia bei ya sangara, ilhali nyumbani kwake hawali samaki wakubwa. Alisimulia kwamba kijana hatulii. Anakimbia Nkololo na kurudi, anaupiga mfuko wa mchanga mpaka umechanika, haongei. Amepanda uzito, sasa anapigania sitini na tatu na nusu, kwa kuwa mwili wake ulikuwa unautaka uzito huo siku zote. Mwezi wa kumi na moja Mtoro hakuulizia sangara kwanza. Nyanda alikuwa amewapiga wawili Mwanza, mmoja kwa pointi na mmoja raundi ya pili, na ameitwa kwenye mashindano ya Nairobi. Basi la timu litapita Lamadi Alhamisi.

"Anajua niko huku?" Elina akauliza.

"Mwanangu, hata ng'ombe wa Mboje wanajua uko huko."

Alhamisi alivaa lile gauni la maua, akaona ni upuuzi mbele ya magamba ya samaki, akalivua, akalivaa tena na kufunga aproni ya plastiki juu yake. Kufikia saa tano alikuwa ameshakosea kusoma mara mbili na kujisahihisha mbele ya watu. Mwalo ulinuka moshi na utumbo, korongo wamejipanga juu ya paa la bati.

"Anayefuata," akasema.

Mikono miwili ikaidaka ndoano. Alivijua vile vidole kabla ya kuuona uso. Nyanda alikunja magoti na kuning'inia pale, amevaa suti ya mazoezi ya bluu ya timu, mpya mpaka ina mikunjo ya dukani. Uso wa mzani ulikuwa umemwelekea yeye. Angeweza kujisomea. Akafumba macho.

"Soma wewe," akasema.

"Fumbua macho uone mwenyewe. Hapa kila mtu anajionea."

"Sitaki kuona. Nataka uniambie."

Elina alisoma, akahakikisha tena, mkono mdomoni. "Sitini na tatu."

"Ya Lamadi au ya Bariadi?"

"Ya Nairobi," akajibu.

Nyanda akajiachia chini. Walitembea mpaka nyuma ya gari la barafu, mahali maji baridi yanapodondoka mchangani, Nyanjige akiwafuata kwa macho na kuwafukuza wavuvi waliotaka kuwafuata kwa miguu. Nyanda alikuwa na nusu saa. Alianza kurusha ngumi hewani, akajishtukia, akaiweka mikono mfukoni.

"Kimya chako ningekielewa," akasema. "Kazi ni kazi. Ile simu ndiyo iliyoniua. Siku tano niliwatazama watu wanapigana nikijiona mlafi."

"Najua. Niliposema lile neno la chakula nilikuwa nakupenda, na nikalisema hivyo hivyo. Sina cha kujitetea."

"Halafu nikakuletea saruji, nikakuomba uniongopee. Ungekubali, ningekuoa mwezi ule ule. Na leo ningekuwa nalala na mtu ambaye sijui ni lini anasema kweli." Akavuta pumzi. "Nilikukasirikia miezi mitatu. Wa nne nikaona kila mtu aliyeniambia habari zangu tangu nizaliwe alinipendelea au alinionea. Wewe ulisema arobaini na nane kabla sijautundika, na ulikuwa unajua utanikosa."

Elina alikuwa analia bila kujifuta, mikono yake ina magamba. Alimwambia kwamba alimkumbuka kila siku, hata siku alizojikataza. Nyanda akatoa leso ya timu, mpya nayo, akamfuta yeye.

"Nimeongea na baba," akasema. "Amekubali kuja kwenu. Ila amesema nikuambie ng'ombe hawapimwi, wanahesabiwa. Kwa hiyo hapo utampunja wapi?"

Elina alicheka huku machozi yanamtoka, akauliza mzee amemsamehe kweli au ni utani tu. Nyanda akasema kwa baba yake hivyo viwili havijawahi kutengana. Barabarani basi likapiga honi, mara ya kwanza ndefu, mara ya pili ya hasira, na kocha akatoa kichwa dirishani.

"Nijibu basi, naondoka."

"Kapime kwanza," Elina akasema. "Nitakujibu ukishapima. Kama nimekusomea vibaya, sistahili."

Nyanda alimtazama kana kwamba anataka kubishana, kisha akakimbia, na mlangoni mwa basi akageuka mara moja. Siku nzima Elina hakula. Usiku aligeukageuka kitandani mpaka Nyanjige akatishia kumhamishia kwenye gari la barafu. Asubuhi aliweka jiwe la kilo tano kwenye ndoano, mshale ukasimama kwenye tano, akaliondoa, akaliweka tena mara nne mfululizo, wavuvi wakimwangalia.

Saa nne simu ililia. Nyanjige alikuwa karibu nayo lakini hakuigusa. Alirudi nyuma hatua moja na kumwonyesha kwa kidevu.

Kulikuwa na mvumo wa mbali, watu wengi wanaongea, chuma kinagongwa.

"Elina," Nyanda akasema. "Sitini na tatu."

Aliegemea ukuta. Nje walikuwa wanamwita, foleni imefika majini, sangara mkubwa ameshatundikwa anayumba kwenye ndoano.

"Basi mwambie baba aanze kuhesabu," akasema, akarudisha mkonga na kutoka kwenda kusoma mzani.